Mashine ya freze iliyotumika: uchakavu si adui wa kwanza

Mnunuzi wa mashine ya freze iliyotumika huanza kwa kuizunguka. Hutazama rangi, husoma jina la kiwanda, hushika usukani wa meza akautikisa, na akiona unazunguka kidogo kabla meza haijasogea, huguna na kuanza kushusha bei. Hofu yake ni uchakavu, na muuzaji anaijua hofu hiyo, ndiyo sababu rangi mpya ya kijani au kijivu hupakwa haraka kuliko kitu kingine chochote. Kwa mtu anayetaka kufungua ateli ndani ya parseli yake mjini Lubumbashi, hofu hiyo imeelekezwa pasipo pake. Uchakavu unapimika, una tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo inapatikana humu humu mjini. Kinachomfilisi mnunuzi ni kile ambacho jicho halikioni likiwa limekazia chuma: karatasi za umiliki, umeme wa kuiendesha, na vifaa vya kushikia visu. Hivyo vitatu vikikosekana, mashine iliyotoka kiwandani jana nayo itakaa kimya ikishika vumbi.

Mashine yenyewe ni rahisi kuieleza. Freze ni kisu cha mviringo chenye meno. Spindeli iliyosimama wima hukizungusha, na kipande cha chuma kilichofungwa juu ya meza hupelekwa kwenye meno hayo, kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mashine ya kukereza hutoa vitu vya duara. Hii hutoa nyuso bapa, mifereji, pembe na matundu yaliyopangwa kwa vipimo. Kazi za namna hiyo hazikosekani Lubumbashi. Vinu vya mahindi, ambavyo pasipo hivyo hakuna bukari, vina shafti zinazohitaji mfereji wa klaveti kila zinapobadilishwa. Pampu za visima hula kapulingi zake. Vichwa vya injini za teksi hupinda kwa joto na lazima visawazishwe kabla ya gasketi mpya kuwekwa. Juu ya hayo kuna wakandarasi wadogo wanaohudumia migodi, ambao kipuri wanachoagiza hupita Durban au Dar es Salaam, kisha hukaa kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, kilometa 90 hivi kutoka mjini, huku mtambo wa mteja umesimama. Mtu anayeweza kuchonga kipuri hicho kwa siku moja nyuma ya nyumba yake ana soko, na swali la mashine gani anunue ni swali la riziki.

Mashine hizo hutoka wapi? Mji huu ulizaliwa na karakana. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli ikafika kutoka kusini mwaka 1910, tanuri la kuyeyushia shaba likawashwa mwaka 1911, na hakuna reli wala tanuri vinavyoweza kuishi bila mashine za kuchonga chuma. Baadaye kampuni hiyo ilikuwa na karakana zake kuu Panda, huko Likasi, zikitengeneza vipuri kwa ajili ya migodi na viwanda vyake. Gécamines ikarithi yote hayo mwaka 1967, na katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kisha likaja anguko: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ukafuata mwaka 1991, na ilipofika mwaka 2003 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000. Mwaka huo huo mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, uliwaondoa kazini zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines. Upande wa pili, Sheria ya Madini ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa kampuni mpya zilizokuja na wakandarasi wao, na wakandarasi hao hufunga, huhama, huuza. Ongeza makontena kutoka Ulaya na malori kutoka Afrika Kusini, na utaelewa kwa nini katika ua mmoja mnunuzi anaweza kukuta mashine ya Kifaransa, ya Kicheki na ya Kichina zimesimama bega kwa bega, kila moja na maisha yake nyuma.

Maisha hayo ndiyo yanayofanya karatasi zitangulie kila kitu. Miaka ya 1990 biashara ya chuma chakavu, mitraye kama wanavyoiita wenyeji, ilikula mali nyingi za kampuni za umma hapa Katanga. Waya, mota na mashine nzima nzima ziliondoka usiku. Gécamines na kampuni ya reli ya SNCC hadi leo ni mali ya Serikali, na kitu chao hakiuzwi na mtu mmoja mlangoni. Kina namba ya orodha ya mali, kina utaratibu wa kuondolewa kwenye orodha hiyo, na kina hati ya kutoka getini. Sheria ya jinai ya Kongo inamwadhibu anayepokea mali ya wizi, na "sikujua" ni utetezi dhaifu kwa mtu aliyenunua mashine ya tani nzima yenye kibati kilichong'olewa. Basi kabla ya kupima chochote, tafuta namba. Mara nyingi namba ya kiwanda hugongwa kwenye chuma chenyewe mbali na kibati. Linganisha namba hiyo na hati ya mauzo, na kama mashine ilitoka nje, na karatasi za forodha za DGDA na za ukaguzi za OCC. Mahali pa namba pakiwa pamesagwa kwa mashine ya kusaga, hakuna bei inayofaa, ondoka. Wapo watakaosema kwamba mjini hapa nusu ya vitu haina karatasi na maisha yanaendelea. Ni kweli yanaendelea, mpaka siku ateli inapoanza kupata wateja wakubwa wanaotaka bili na mkataba, na jirani mwenye kijicho anapojua pa kupeleka habari zako. Kwa skrubu iliyolika huwezi kufungwa jela.

Karatasi ya pili ya kusomwa imepigiliwa kwenye mota. Karibu mashine zote za freze zenye uzito wa maana zina mota ya fezi tatu, na parseli nyingi zimeungwa na shirika la umeme, SNEL, kwa fezi moja ya volti 220. Kibati kikisema 220/380, habari ni njema: mota hiyo hufungwa kwa mtindo wa pembetatu na kulishwa na variateri, kisanduku cha elektroniki kinachopokea fezi moja ya volti 220 na kutoa fezi tatu za volti hiyo hiyo, tena kikikupa uwezo wa kubadili mwendo bila kugusa mikanda. Kibati kikisema 380/660, kisanduku cha kawaida hakisaidii. Unahitaji fezi tatu kamili kutoka mtaani, au kuisuka mota upya, au kununua nyingine. Mtego uliojificha zaidi ni mota za mwendo wa aina mbili, zilizopendwa sana na viwanda vya Ulaya. Nyingi kati ya hizo zimesukwa kwa volti 380 tu, na hakuna namna ya kuzigeuza kwa kuhamisha vibati vya shaba kwenye kisanduku cha waya. Mashine ikiwa na mota ya pili ya kusukuma meza, ya tatu ya pampu ya maji ya kupoozea, na transfoma ya kulisha vitufe, kila moja inahitaji jibu lake. Nayo ya Marekani iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka polepole kwa sehemu moja kati ya sita kwenye hezi 50 za hapa.

Halafu kuna umeme wenyewe. Ukanda huu wa Katanga uliwasha mtambo wa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, mwaka 1930, na miaka ya 1980 ukaletewa umeme wa Inga kwa waya wa kilometa zipatazo 1,700 hadi Kolwezi. Lakini miundombinu hiyo ilijengwa kwa ajili ya shaba, na parseli hupata kinachobaki. Mwenye ateli atakutana na delestaji, ule mgao wa umeme, na atakutana na jambo baya zaidi kuliko delestaji, yaani umeme uliopo lakini dhaifu. Volti zikishuka hadi asilimia 80 ya kiwango chake, nguvu ya kuzungusha ya mota hubaki takribani asilimia 64, kwa kuwa hupungua kwa mraba. Kisu hukwama ndani ya chuma, mota hupata joto, na mwenye mashine hulaumu umri wake. Radi za msimu wa mvua nazo hupenda vifaa vya elektroniki, kwa hiyo variateri isiyochomolewa wakati wa ngurumo ni mkopo usio na dhamana. Mwenye kutegemea jenereta akumbuke kwamba mota iliyowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida yake kwa muda mfupi, wakati variateri huianzisha taratibu na kuruhusu jenereta ndogo zaidi. Ninalisisitiza hili kwa sababu gharama ya umeme haimo kwenye bei anayotaja muuzaji, na ndiyo inayowafanya wengi wawe na mashine nzuri wasiyoweza kuiwasha.

Tatu ni koni ya spindeli, tundu la mteremko ambamo vishikio vya visu huingia. Mnunuzi mgeni hulitazama tundu hilo mara moja tu, naye muuzaji hapendi litazamwe mara mbili. Kila koni ina ukoo wake wa vishikio. ISO 40 imeenea dunia nzima, imeendelea kutengenezwa kwa miongo mingi, na vishikio vyake vipya au vilivyotumika hupatikana Johannesburg na hata kwa kuagiza China. R8 ilikuja na Bridgeport, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 1938 katika mji wa jina hilo huko Connecticut, baadaye ikatengenezwa pia Uingereza na kunakiliwa na viwanda visivyo na idadi. Nayo ni rahisi kuipata, ingawa usukani wa mashine nyingi za namna hiyo husoma inchi. Kuna koni nyingine zilizobuniwa na kiwanda kimoja kwa ajili ya mashine zake tu, zenye uzi wa aina ya pekee. Deckel ya Munich ni mfano wa kusikitisha, maana ni mashine nzuri kupindukia, ila kishikio kimoja cha toleo lake la zamani kinaweza kumfanya mtu atafute miezi. Wenye uzoefu duniani kote husema vifaa hatimaye hugharimu sawa na mashine: vishikio, koleti, jiliwa zito, vibano vya meza, kichwa cha kugawanyia duara kwa ajili ya kuchonga gia, na visu vyenyewe, ambavyo huisha. Kwa hiyo mashine iliyochakaa inayouzwa pamoja na sanduku la vifaa vyake ina thamani kuliko mashine iliyong'aa inayouzwa uchi. Angalia hata fimbo ndefu inayovuta kishikio juu kutoka kileleni mwa spindeli. Ni chuma cha kawaida chenye uzi, kinaweza kukerezwa na fundi yeyote, lakini kukosekana kwake kunakuambia jinsi mashine ilivyoishi miaka yake ya mwisho.

Sasa tuurudie uchakavu, maana ndiko pingamizi kubwa liliko. Watu husema, na wana haki ya kusema, kwamba hakuna anayeuza mashine nzuri. Inauzwa kwa sababu imekwisha. Imekwisha kwa nani? Kampuni inayochonga sehemu mia tano zinazofanana kwa wiki, ikitakiwa kushika sehemu moja ya mia ya milimita kwa kila moja, huiona mashine yenye ulegevu kuwa hasara kwa sababu muda wa fundi unapotea. Ateli ya parseli hutengeneza kipande kimoja, kesho kingine, na hulipwa kwa kipande kuingia mahali pake. Skrubu ya meza kwenye mashine nyingi za metriki husogeza meza milimita 5 kwa mzunguko mmoja. Ikiwa na ulegevu wa milimita 0.3, fundi anayebadili mwelekeo atazungusha usukani kiasi kidogo bure kabla meza haijaitika. Akiwa na tabia ya kukifikia kipimo kutoka upande ule ule kila mara, ulegevu huo haumwibii kitu. Akichonga kwa namna ambayo meno yanaisukuma kazi kinyume na mwendo wa meza, skrubu hubaki imeegemea upande mmoja wa nati tangu mwanzo hadi mwisho. Hatari iko kwenye kuchonga kwa kufuata mwendo wa kisu: hapo meno huivuta meza, ulegevu wote hurukwa kwa ghafla, na kisu huvunjika. Hiyo ni nidhamu ya mkono. Na asiyependa nidhamu ya namna hiyo anaweza kufunga kisoma vipimo cha kidijitali, ambacho hupima meza yenyewe badala ya kuiuliza skrubu.

Nati iliyolika nayo hubadilishwa. Hutengenezwa kwa bronzi, na mji uliojengwa juu ya shaba hauna sababu ya kulalamika kwamba hauna mtu wa kuyeyusha bronzi na mwingine wa kukata uzi ndani yake. Hapa ndipo ilipo sifa ya Lubumbashi ambayo mnunuzi wa miji mingine hana: sehemu za mashine zinaweza kugawanywa katika zinazotengenezeka mjini na zisizotengenezeka, na orodha ya kwanza ni ndefu. Nati, skrubu, bushi, mikono ya usukani, mabomba ya mafuta, kabari za kurekebishia reli ambazo meza huteleza juu yake, hata gia za meno yaliyonyooka, zote zina mtu wa kuzifanya. Orodha ya pili ni fupi lakini haina huruma: spindeli yenyewe yenye tundu lililosagwa kwa usahihi, gia za pembe zilizo ndani ya kichwa, na chuma cha kumwaga kilichopasuka, hasa kwenye mifereji ya meza. Beringi za spindeli ziko katikati. Hupatikana kwa namba zake, ila za bei nafuu sana mara nyingi ni za bandia. Kwa hiyo ukaguzi wa uchakavu usiwe wa mashine nzima kwa uzito sawa. Chukua saa ya kupimia yenye kitako cha sumaku, uiweke sindano ndani ya tundu la spindeli, uzungushe kwa mkono. Ikicheza sehemu moja au mbili za mia ya milimita, endelea. Ikicheza mara tano ya hapo, na uchafu au mkwaruzo si sababu, punguza bei sana au uache. Sikiliza kila mwendo, wa chini hadi wa juu. Kichwa kikiwa cha gia, fungua skrubu ya chini udondoshe mafuta kidogo kwenye karatasi nyeupe: vumbi laini la kijivu ni umri, vipande vinavyometa ni gia inayokufa.

Reli zinastahili jaribio lao. Kaza kabari mpaka meza iwe na uzito kidogo ikiwa katikati, kisha ipeleke kwenye ncha. Ikikwama huko, reli zimelika katikati, maana ndipo kazi nyingi zilipofanyika. Kwa mifereji ya klaveti na kapulingi, ambazo huishi ndani ya sentimita chache, hilo halidhuru sana. Kwa vichwa vya injini linadhuru, na hapa nakiri hoja yangu ina mpaka. Kichwa cha sentimita 50 kikichongwa na kisu cha upana wa sentimita 15 kinahitaji mwendo wa meza wa sentimita 65 ili kisu kipite chote na kutoka, na katika urefu huo reli zilizolika huandika sura yake juu ya alumini. Anayenunua kwa ajili ya injini tu atafute mashine yenye meza ndefu na reli nzuri, au atenge fedha za kuzikwangua. Kukwangua reli kwa mkono, kwa patasi na rangi ya buluu ya kuonyesha vilima, ni kazi ya ajustaji wa kiwango cha juu, na wenye kuijua vizuri ni wazee. Mpango wa 2003 wa Gécamines uliwalenga wenye miaka 25 kazini au zaidi. Hesabu umri wao leo. Kumlipa mmoja wao nusu siku akague mashine kabla hujalipa ni gharama ndogo kuliko kosa lolote utakalofanya peke yako, na ni sababu nyingine ya kununua sasa kuliko kungoja. Chuma hakizeeki haraka kama ujuzi wa kukisoma.

Pingamizi jingine linatoka kwa vijana waliohitimu shule za ufundi kama Salama au Cité des Jeunes: kwa nini usinunue mashine mpya ndogo ya Kichina, inayokaa juu ya meza, inayotumia fezi moja, yenye dhamana? Swali lina nguvu kuliko wazee wanavyokubali. Mashine hiyo hubebwa na watu wanne, haiulizi SNEL fezi tatu, na kwa anayechonga alumini, plastiki au sehemu ndogo, inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba wateja wa Lubumbashi huleta chuma kigumu na shafti nene. Mashine ya kilo mia na kitu hutetemeka chini ya kisu, mtetemo huua meno ya kisu, na fundi hulazimika kuchukua unene wa nywele kwa kila pito, mpaka kazi ya nusu saa inakula mchana mzima. Uzito katika mashine za namna hii ni sehemu ya usahihi. Bridgeport, ambayo mabingwa wa Ulaya huiona nyepesi, inakaribia tani moja. Nayo dhamana husomeka vizuri Guangzhou. Kipuri chake kitapita njia ile ile ya bandari na Kasumbalesa, na mtu wa kukujibu ni yule aliyekuuzia, kama bado ana duka.

Kuhusu mashine za kompyuta zilizotumika, jibu langu ni fupi. Chuma chake kinaweza kuwa kizuri na bei ikavutia, lakini thamani yake imo kwenye kadi za elektroniki za miaka ya 1990 ambazo hakuna anayezitengeneza tena, zikiwa zimeunganishwa kwenye umeme wa delestaji. Ateli ya kwanza isianzie hapo.

Usafiri na sakafu huhitaji maneno machache. Mashine ya wima ina kichwa kizito juu na kitako chembamba, na ajali nyingi hutokea wakati wa kuishusha. Teremsha goti linalobeba meza hadi chini kabisa, geuza kichwa kielekee chini, funga kila kufuli, kisha itembeze juu ya mabomba. Usiiache ikasafiri ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye usukani. Zege liwe la kutosha na lisawazishwe kwa pima-maji kwenye meza yenyewe. Vumbi jekundu la kiangazi lina chembe ngumu zinazokula reli, na likichanganyika na mafuta huwa dawa ya kusagia; funika mashine kila jioni, futa kabla ya kutia mafuta mapya. Msimu wa mvua, adui hugeuka kuwa kutu. Na hakikisha mafuta yanafika. Mashine nyingi zilizolika upande mmoja zilikuwa na bomba moja tu lililoziba.

Linabaki swali la nani asinunue kabisa, maana si kila parseli inahitaji mashine ya tani moja. Mwenye kazi mbili au tatu kwa mwezi apeleke kwa mwenye mashine na alipe. Hata akilipa ghali, hatalipa kama anavyolipia mota, variateri, vishikio na zege. Na ambaye kazi zake zote ni mifereji ya klaveti na nyuso bapa fupi aulizie kwanza mashine ya randa ya chuma, ile ambayo kichwa chake huenda mbele na kurudi nyuma kikisukuma kisu kimoja. Karakana za zamani na shule za ufundi zilikuwa nazo, viwanda vilikwisha kuziacha, na mara nyingi huuzwa kwa bei inayokaribia ya chuma chakavu. Ni ya polepole, haivutii macho, wala haijui kuchonga matundu. Lakini kisu chake ni kipande cha chuma cha haraka ambacho fundi hukinoa mwenyewe kwenye jiwe, bila koni, bila koleti, bila kungoja kitu chochote kivuke Kasumbalesa.